Mbio za Kuazima

Lutengano alipoanza kupanda mlima, Tusekile aliketi kwenye kiti chake cha mbao kando ya dirisha, miguu peku juu ya mkeka, akasubiri jasho.

Halikuchelewa. Kwanza vidole vya miguu vilipata moto, kisha misuli ya mapaja ikaanza kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, chini ya mikanda myembamba iliyounganishwa na saa mkononi mwake. Moyo ukapanda. Pumzi ikafunguka. Nje, ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umelala juu ya migomba na uani hapakuwa na kilichotikisika isipokuwa kuku wawili, lakini ndani ya mwili wa Tusekile mtu alikuwa anakimbia. Alijua hata amefika wapi. Mapigo yalipopungua kidogo, Lutengano alikuwa anavuka daraja la mbao lenye utelezi. Yalipopanda tena, alikuwa ameshika njia nyekundu inayokata mashamba ya chai, na kwa namna pumzi ilivyokuwa ikikatika na kurefuka, Tusekile angeweza kuapa kwamba kijana yule alikuwa anaimba.

Miaka mitatu nyuma asingeweza kukaa kwenye kiti hicho bila kuwekewa mito pande zote. Homa moja ya ajabu ilimlaza, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu na sehemu kubwa ya nguvu za moyo. Mwalimu wa michezo aliyewafundisha netiboli wasichana wa nusu ya wilaya akawa mtu wa kubebwa na mumewe, Ambakisye, kupelekwa bafuni. Madaktari walimwambia dawa iliyobaki ni mazoezi. Mazoezi yenyewe ndiyo kitu ambacho mwili wake haukukiweza.

Ndipo zilipokuja saa pacha.

Mwanzoni watu walizichukulia kama saa nyingine za mazoezi, zile ambazo kila mtu mjini alikuwa nazo mkononi, za kuhesabu hatua na kukukumbusha kunywa maji. Hizi zilikwenda mbali zaidi. Saa ya mtoaji ilisoma moyo, pumzi, mkazo wa misuli na chumvi ya jasho, ikavituma papo hapo kwenye saa ya mpokeaji. Hiyo ya pili, kwa kupitia mikanda ya mapajani, iliamsha mishipa ya fahamu kwa mpangilio uleule mpaka mwili uliolala ukaamini kwamba unakimbia. Mwili ukishaamini hivyo, huanza kujijenga. Wataalamu walikuwa wamejaribu kwanza kutumia mbio zilizorekodiwa. Zilifaa kwa wiki chache, halafu mwili ukagundua kwamba unasimuliwa jambo lilelile kila siku, ukaacha kusikiliza. Ilibidi awepo mtu hai, anayejikwaa, anayeruka madimbwi, anayefurahi. Tena si mtu yeyote. Miili miwili ilipaswa kuelewana, na wapo waliosubiri mwenzi kwa miaka bila kumpata.

Tusekile alipatana na fundi mitambo wa kiwanda cha chai, kijana aliyekimbia kila asubuhi kwa sababu tu alipenda kukimbia.

"Nitakimbia hata msiponiomba," Lutengano alisema siku walipokutanishwa kituo cha afya. "Kama mbio zenyewe zinaweza kumsaidia mtu, basi zimsaidie."

Na zilimsaidia. Sasa Tusekile alikwenda sokoni kwa miguu yake, akishika fimbo moja. Mwezi uliopita alisimama uwanjani na filimbi mdomoni mpaka mchezo ukaisha, wasichana wakimtazama yeye kuliko mpira.

Asubuhi hiyo, kwenye mwinuko wa mwisho, moyo uliruka. Ulikuwa kama mtu anayeshuka ngazi akakuta ngazi moja haipo. Ukajikusanya, ukapiga haraka haraka kama unaokimbizwa, kisha ukarudi kwenye mwendo wake. Tusekile aliweka kiganja kifuani. Hii haikuwa mara ya kwanza. Ilipotokea wiki iliyopita alijiambia kwamba hakuifunga mikanda vizuri, lakini leo alikuwa ameikagua mara mbili. Akaitazama saa. Kioo kilikuwa cha kijani, na maandishi yake yalikuwa yaleyale ya kila siku: *Mwenzio yuko salama.*

*

Jumapili Lutengano alipita kuwasalimu baada ya ibada, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alivaa shati lililonyooshwa vizuri na saa yake mkononi, kioo kikiwa na mikwaruzo ya kiwandani. Ambakisye alimkaribisha chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, wakaongea habari za mvua, kisha akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe.

"Lutengano," Tusekile alisema walipobaki wawili, "moyo wako una nini?"

Kijana aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Una nini kivipi, mwalimu?"

"Unaruka. Kwenye mwinuko wa mwisho."

"Huo mkanda umelegea."

"Wangu au wako?"

Lutengano alirudia kukoroga. Tusekile aliwahi kuwafundisha vijana wengi, akaijua dalili ile.

"Ndivyo unavyoiambia saa?"

"Inaniuliza," Lutengano alisema. "Kila ukiruka, inaniuliza ninajisikiaje. Naiambia mkanda umelegea. Inaandika hivyo, inaendelea."

"Haimwambii daktari?"

"Itamwambiaje? Mwenye mwili ndiye mwenye habari zake. Wewe mwenyewe uliisifu sheria hiyo."

Ni kweli aliisifu. Alikumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla yake, saa zilipokuwa zikipeleka umbeya kwa waajiri, watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya usingizi mbaya wa jana au presha iliyopanda msibani. Sheria ilipopitishwa, yeye alikuwa kitandani, na bado alimwomba mumewe amwinue ili apige makofi.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na kizunguzungu?"

"Mara moja. Nilikaa chini kwenye chai, kikapita."

"Na mama yako anajua?"

"Hajui mtu. Unajua wewe tu, na wewe hukuambiwa." Aliweka kikombe chini. "Mwalimu, nikiiambia saa ukweli, taa itawaka nyekundu na watatukata siku hiyohiyo. Mtoaji mwenye hitilafu haruhusiwi. Utarudi kitandani."

"Watanitafutia mwingine."

"Mimi ulinisubiri muda gani?"

Tusekile alitazama mikono yake.

"Kiwandani natengeneza mashine asubuhi, jioni imeharibika," Lutengano aliendelea, sauti yake ikiwa chini. "Siku uliyopuliza filimbi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya goli, hukuniona. Sijawahi kufanya jambo kubwa kama lile, na nililifanya kwa kukimbia tu, kitu ninachokipenda. Usininyang'anye."

"Na ukianguka?"

"Ni moyo wangu."

"Unapiga na kifuani kwangu."

Lutengano aliinuka, akashukuru kwa chai. Mlangoni akavaa kofia yake na kwenda zake.

*

Ambakisye alikuwa anasuuza madumu ya maziwa uani wakati mkewe anamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Yule ni mtu mzima," alisema. "Amesema ni hiari yake. Hukumlazimisha wala hukumwomba."

"Sikumwomba, lakini napokea."

"Mke wangu." Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba. Sikuchoka kukubeba, usinielewe vibaya. Nilichoka kukuona unageuzia uso ukutani. Kwa hiyo nikikwambia nyamaza, jua nasema kwa ajili yangu pia."

Alikuwa mkweli hivyo siku zote, na ndiyo maana ilimuwia vigumu Tusekile kumkasirikia.

"Nilifikiri niache tu kuvaa saa," alisema. "Ili awe hana sababu ya kuficha."

"Basi acha kuvaa."

"Nikiacha, ataendelea kukimbia. Anakimbia kwa sababu anapenda. Moyo utaendelea kuruka kulekule mlimani, tofauti yake ni kwamba hakutakuwa na mtu wa kuusikia."

Ambakisye aliyageuza madumu yote midomo chini, moja baada ya jingine, taratibu kuliko ilivyohitajika, akaingia ndani.

Tusekile alibaki ameketi pale uani. Aliwaza juu ya ile sheria. Mwenye mwili ndiye mwenye habari zake. Iliandikwa na watu waliofikiri kwamba moyo mmoja unapiga ndani ya mwili mmoja, na wakati ule hawakukosea. Lakini mapigo ya Lutengano yaliruka mlimani, na palepale yakaruka ndani ya chumba chake. Kiganja kilichoyasikia kilikuwa chake. Je, habari hiyo ilikuwa ya nani?

*

Asubuhi iliyofuata hakufunga mikanda. Alivaa viatu vyake vya raba na koti zito, akamwomba mumewe ampeleke kituo cha afya.

"Sikupeleki," Ambakisye alisema. "Samahani. Mguu wangu hauwezi kukanyaga hata hatua moja ya safari hiyo."

"Basi nitatembea."

Alitembea. Hakuwahi kwenda mbali hivyo tangu augue. Barabara ilishuka mpaka mtoni, ikapanda tena katikati ya nyumba na bustani za maparachichi, na kila alipoinua mguu alijua umetoka wapi. Paja hili lilijengwa na kilima cha chai. Pumzi hii ilijengwa na njia nyekundu, asubuhi za baridi ambazo mtu mwingine aliamka kabla ya jua wakati yeye anasubiri kitini. Alikuwa anaitumia miguu ya Lutengano kwenda kuisalimisha. Alipofikiria hivyo ilibidi asimame, akashika ukuta wa duka moja, mwenye duka akamletea stuli bila kuuliza.

Alipoinuka aliona kwamba Ambakisye yuko nyuma yake, mbali kidogo, anasukuma pikipiki yake ya umeme bila kuipanda. Hakumwita. Waliendelea vile mpaka kwenye mteremko wa daraja, ambako goti la Tusekile lilianza kucheza. Hapo mumewe aliiegesha pikipiki kando ya njia, akaja, akampa mkono wake aushike. Walikwenda hivyo mpaka kituoni.

Daktari Sekela, aliyekuwa msimamizi wa saa pacha za wilaya, aliwapokea ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na alipoona viatu vyenye matope akajua kwamba mgonjwa wake amekuja kwa miguu. Uso wake ukachangamka.

"Mwalimu, umetembea mwenyewe?"

"Nimetembea. Daktari, nimekuja kwa jambo la moyo wa..."

"Ngoja." Daktari aliinua mkono. "Kama ni habari za mwenzio, siruhusiwi kuzisikia kwako. Aje mwenyewe."

"Sijaja kusema habari zake. Nimekuja kusema kifua changu kimepokea nini."

Daktari Sekela alimtazama. Tusekile aliona kwamba ameshaelewa, na kwamba anampa nafasi ya kurudi nyuma.

"Unajua nikilisikia hilo, lazima niwatenganishe leo."

"Najua."

"Na sina mwingine wa kukupa. Sitaki nikudanganye kwamba atapatikana karibuni."

Ambakisye alikohoa, akatazama dirishani.

"Najua, Daktari," Tusekile alisema.

"Basi sema."

*

Vipimo vilionyesha kwamba moyo wa Lutengano ulikuwa na njia ya ziada, kama kichochoro ambamo umeme wa moyo ulikuwa ukipotelea na kuanza kuzunguka bila kutoka. Alizaliwa nayo. Lutengano alipokubali waambiwe, Daktari Sekela alikuja mwenyewe kuwaeleza, na hakuipamba habari.

"Angeweza kuanguka mwezi ujao," alisema. "Na angeweza kukimbia mpaka uzee asianguke. Hakuna anayejua."

Lutengano alikuja mara moja tu. Alisimama getini, hakuingia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, na mahali palipokaa saa ngozi ilikuwa nyeupe kidogo.

"Umetoa miguu yako," alisema, "kwa kitu ambacho labda kisingetokea."

"Labda," Tusekile alijibu.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo miguu. Hukuniuliza."

"Nilikuuliza moyo wako una nini. Ukaniambia mkanda."

Kijana aliinamisha kichwa, akaondoka. Wiki zikapita asirudi.

Nguvu za Tusekile zilianza kupungua kwa ustaarabu, kama mgeni anayeaga nyumba nzima kabla ya kutoka. Soko likawa mbali. Fimbo moja ikawa mbili, na mbili zikawa kiegemeo cha magurudumu ambacho Ambakisye alikileta siku moja pamoja na saruji ya kusawazisha kizingiti cha mlango. Tusekile hakugeuzia uso ukutani. Kila asubuhi alijilazimisha kuzunguka ua, akijikokota, kwa sababu alichukia kuona kazi ya kijana yule ikipotea bure. Zipo siku alizoamini kwamba alifanya sawa. Zipo nyingine alizokaa kwenye kiti chake saa ya mbio, akausikiliza mwili wake ulivyo kimya, asiamini.

Habari zilimfikia kwamba Lutengano amepelekwa Mbeya, amefunguliwa kifua, kichochoro kimezibwa. Alipona, wakasema. Kisha wakasema hajapona sawasawa.

*

Daktari Sekela alifika na kisanduku chini ya kwapa. Alikataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile.

"Kidonda kinapona vizuri," alisema. "Tatizo ni moyo wenyewe. Umekuwa mwoga. Akisimama tu unakimbia, akilala unazubaa. Inabidi ufundishwe upya kupanda na kushuka, polepole sana. Yeye mwenyewe bado hawezi kutembea, kwa hiyo tumefikiria saa."

"Apewe mbio za mtu mwingine," Ambakisye alisema.

"Mbio zitampasua. Na mtu mwenye afya akitembea polepole, moyo wake hausemi kitu, kwake ni sawa na kukaa. Tumepata kibali maalumu cha mtoaji mgonjwa: tunamtaka mtu ambaye hatua moja ya polepole kwake ni kazi kwelikweli. Mtu ambaye akitembea toka hapa hadi getini, mwili wake wote unajua kwamba umefanya kazi. Kisha awe anaelewana na Lutengano." Aliweka kisanduku mezani. "Saa imetafuta nchi nzima, mwalimu. Imeleta jina moja."

Tusekile alikitazama kisanduku. Alikuwa amezoea kujihesabu kuwa mtu ambaye mwili wake hauna tena cha kumpa yeyote. Sasa mashine iliyosoma miili ya maelfu ya watu wenye afya na nguvu ilikuwa imewapita wote, ikaja kusimama kwenye kiegemeo chake cha magurudumu.

"Nilijifunza kwake," alisema polepole. "Mwendo huu ni wake."

"Ndiyo maana moyo wake utauelewa. Utausikia kama lugha ya nyumbani, ila inasemwa taratibu."

"Yeye mwenyewe amekubali?"

"Nilipomtajia jina lako aliuliza kwanza kama itakuumiza. Nikamwambia itakuchosha sana, lakini huenda ikakufaa na wewe, maana mazoezi utakuwa unayafanya kwa miguu yako. Akasema basi uulizwe mwenyewe, mwili ni wako."

Tusekile alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza ili avishwe.

*

Walianza siku ya pili yake, jua lilipokuwa limeshaondoa ukungu. Ambakisye alifungua geti, akasimama kando. Tusekile alisukuma kiegemeo hadi barabarani, akakitazama kilima kidogo kinachoelekea kanisani. Watoto wangekipanda bila kujua kwamba ni kilima. Aliinua mguu.

Safari hii hakusikia chochote kifuani isipokuwa moyo wake mwenyewe, uliokuwa unalalamika. Njia ilikwenda upande mmoja, kutoka kwake kwenda Mbeya. Alisikia sauti tu, kwenye saa, pumzi za mtu aliyelala chali.

"Mwalimu," Lutengano alisema hatimaye. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya getini.

"Naam."

"Hapo ulipo pana mlima?"

"Kilima. Cha kwenda kanisani."

"Nakijua. Sikuwahi kukihesabu kama kilima." Alivuta pumzi. "Goti lako la kushoto linatetemeka."

"Umejuaje?"

"Langu linatetemeka."

Tusekile aliegemea vishikio, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Wanawake wawili waliokuwa wakishuka na ndoo za viazi walimpisha, wakamsalimu, wakageuka kumtazama.

"Nilikukasirikia sana," Lutengano alisema.

"Najua."

"Bado sijamaliza."

"Utamaliza njiani. Mimi siendi haraka."

Pumzi zilikatika kidogo kule upande wa pili, na ikamchukua muda kutambua kwamba kijana anajizuia asicheke, kwa ajili ya mshono. "Kama umechoka, tupumzike," alisema.

Tusekile alitazama mbele. Kanisa lilikuwa bado mbali, na kati yake na kanisa palikuwa na mwinuko mmoja ambao angeweza kuuacha mpaka kesho bila mtu kumlaumu. Akakaza vidole kwenye vishikio, akapeleka mguu wa kulia mbele, kisha wa kushoto.

Kule Mbeya, muuguzi aliyekuwa akipita na sinia la dawa alisimama katikati ya wodi. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho alikuwa amefumba macho, paji la uso limelowa, na chini ya shuka vidole vya miguu yake vilikuwa vinakaza na kulegea, kimoja kimoja, kama vya mtu anayepanda.